Siku Nilipomshukuru Yaya kwa Mikro

Yaya wangu alikuwa anatengeneza munkoyo. Nasema alikuwa, na usinisukume, nitafika huko. Yaya, kwetu Kolwezi, ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na huyu wangu alinitangulia kwa miaka sita. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani. Kwa hiyo haya ninayoandika siyaandiki kwa raha, wala sitafuti mtu wa kunihurumia. Nayaandika kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema "sisi tunawapenda sana wafanyabiashara wetu wadogo." Tunawapenda, ndiyo. Hata mimi nilimpenda yaya.

Kama umetoka mbali na huujui munkoyo, ni kinywaji cha mahindi. Unapika uji mwepesi, unauacha upoe kidogo, halafu unautia mizizi fulani ya porini iliyopondwa. Ile mizizi inaulainisha uji mpaka unakuwa mwepesi kama maziwa, na utamu unakuja wenyewe. Ukikaa siku moja unachachuka kidogo, na hapo ndipo unapokuwa mtamu kweli. Siku ya pili umeshageuka pombe. Mlevi ataunywa, lakini mama mwenye watoto hataununua. Ni biashara ya leo kwa leo. Usipouzwa, unamwagwa.

Kabla ya munkoyo, yaya alikuwa anaosha mawe. Upande wa Mutoshi wanawake wanasimama ndani ya maji mpaka mapajani, wameinama, wanachekecha mawe waliyoletewa na wachimbaji ili udongo uende na madini yabaki. Mume wake alipofariki alikwenda huko, akafanya miaka minne, mpaka mgongo ukakataa. Muuguzi wa dispansari yetu akamwambia waziwazi kwamba akirudi kwenye yale maji, siku nyingine ataletwa amebebwa. Akatoka. Akanunua sufuria kubwa, bidoni mbili, yale madumu ya plastiki, na kitambaa cheupe cha meza, akaanza upya. Kitu alichokiogopa duniani kilikuwa kimoja tu, na alinitajia mara nyingi, hata bila kumuuliza:

"Mudogo yangu, nikiuzisha ao nisiuzishe, sawa tu. Lakini mu ile maji siwezi kurudia."

Meza yake ilikuwa kwenye njia panda ya mtaa wetu, pale pikipiki za kwenda barabara ya Fungurume zinapongojea abiria. Ilikuwa safi, usiniambie. Kitambaa kilifuliwa kila siku, na kwa vumbi letu jekundu kufua kitambaa cheupe kila siku si mchezo. Mbele ya bidoni palikuwa na kikopo cha bati cha kuonjea. Munkoyo hauchukuliwi bila kuonja: mtu anamiminiwa kidogo, anasukutua ulimi, anatikisa kichwa, halafu ndipo anatoa chupa yake ijazwe. Ni desturi, na ni nzuri, kama watu wangekuwa watu.

Lakini sisi! Sisi majirani, sisi wa parokia moja, sisi tuliojua jina la mama yake, tulikuwa tunaonja kikopo kizima. Tunaonja cha pili "kuhakikisha." Tukichukua chupa ndogo, tunataka nyongeza mpaka munkoyo unamwagikia vidoleni. "Eh mama, ongeza, si tuko familia moja!" Na mtu wa mbali, dereva wa lori ambaye hakumjua kabisa, alionja kwa adabu, akalipa, akaenda zake. Waliompunja walikuwa wale waliompenda.

Na mimi nilikuwa wa kwanza kati yao. Mi ni karani katika ofisi moja ndogo inayoandika karatasi za malori ya migodi. Kila siku nikitoka kazini nilipitia pale, nikanywa kopo kubwa nikiwa nimesimama, na chupa moja nikaibeba nyumbani. Kulipa? Nani analipa kwa yaya wake? Badala ya kulipa nilimpiga picha, yeye na bidoni zake, nikaiweka kwenye simu ili watu waione. Watu mia wakaipenda. Nikamwonyesha yaya ile mioyo myekundu kwenye simu, najivuna kabisa. Akaiangalia, akauliza kama wale watu wanakaa Kolwezi. Nikamwambia wengi wako Lubumbashi na Ulaya. Akasema aksanti.

Siku nyingine nikamletea wenzangu watano wa ofisini, saa sita mchana, jua kali. Wakaonja wote watano. Wakasifia, "Mama, hii ni ya kweli, hii ni ya bakambo yetu, ya wazee wa zamani!" Mmoja wao, mwanamume mwenye kitambi na saa kubwa, akanunua chupa moja, akabishana juu ya nyongeza mpaka mi nikaona haya. Walipoondoka, yaya alikisuuza kikopo polepole.

"Unaniletea bantu ya kuonja," akaniambia. "Niletee bakiliya, bantu ya kulipa."

Nilikasirika. Kweli, nilikasirika! Nilimwona hana shukrani. Jumamosi ile nikaenda kwenye duka kubwa la mjini, lile la milango ya vioo, na nani niliyemkuta mbele yangu kwenye foleni? Yule bwana wa kitambi. Ana juisi sita za boksi zilizotoka nchi za watu. Bei imeandikwa, akalipa, kimya kama mtoto wa shule. Hakumwambia msichana wa mashine "nionjeshe." Hakusema "ongeza kidogo, mama." Nilitaka kumcheka, halafu nikaangalia kikapu changu mwenyewe. Nacho kilikuwa vilevile.

Basi ukafika mwaka wa harusi ya binti yangu. Miezi ya baridi ilikuwa imembana yaya vibaya; katika baridi hakuna anayetaka munkoyo, na alikuwa anamwaga karibu kila siku. Harusi tuliipanga mwezi wa tisa, joto likiwa limerudi. Bwana harusi ni mtoto wa watu wa Fungurume, baba yake ana kazi nzuri mgodini, mama yake anasimamia kantini za wafanyakazi. Yaya akaja kwangu asubuhi moja, amevaa vizuri, akakaa kwenye kiti badala ya mkeka. Nikajua ana neno.

"Munkoyo ya harusi, mi njo nitatengeneza," akasema. "Lakini haiko zawadi. Zawadi nitaleta ingine. Munkoyo ni kazi yangu. Unilipe sawa vile utalipa mutu ya sukre, ya soda. Ba Fungurume bakikunywa, bakijua kama ni komande ya kweli, kazi ya kuagizwa na kulipwa, nabo batanipa komande yabo. Vile njo meza yangu itasimama. Kama haisimame, unajua kwenye nitarudia."

Nilijua. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Yaya, usihangaike. Ni yako."

Jumapili baada ya misa komite ya harusi ikakaa sebuleni kwangu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mkubwa wa kikundi chetu cha akina mama parokiani, mwanamke wa kusikilizwa, akikohoa watu wananyamaza. Tulipofika kwenye vinywaji nikataja munkoyo. Sikutaja yaya, nilitaja munkoyo tu, kupima upepo. Akaniangalia kama mtu aliyekanyaga mavi.

"Munkoyo? Ku mariage ya bantu ya kampuni? Aka! Mama, unataka batuone sawa bantu ya mu pori?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi, kuliko hata yale yaliyofuata, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha kucheka. Feza yote ya vinywaji ikapangwa kwa makreti ya sukre, zile soda za chupa, na bia. Haikubaki kitu.

Nikajiambia nitamweleza yaya kesho. Kesho ikafika, nikajiambia kesho. Nikapita mezani pake nikanywa kopo langu kama kawaida, nikafuta mdomo, nikaenda. Yeye alikuwa ameshaanza. Alipanda treni mpaka Lubudi kuchagua mizizi mwenyewe, kwa sababu ile ya sokoni kwetu, alisema, inachanganywa na takataka. Akanunua mahindi kwa alichokuwa nacho chote, akayapeleka kinuni, nikayaona magunia kwa macho yangu mlangoni pake. Hata hapo ulimi ulikuwa mzito. Si kwamba sikupata nafasi, nafasi nilizipata kumi.

Siku ya harusi yaya aliingia uani na bidoni nne juu ya mkokoteni, amevaa kitenge cha sare ya familia, kilemba kimekaa sawasawa. Akaona makreti ya sukre yamepangwa ukutani mpaka dirishani. Akaniangalia. Ningeweza kumwambia hata saa ile.

"Yaya, weka kwanza nyuma, kule jikoni," nikasema.

Akaweka. Alidhani ni mpango wa kugawa, sukre kwanza, munkoyo baadaye. Yaya wangu ni mtu wa kuamini.

Umeme ukakatika kabla ya chakula, kama unavyokatika kila siku kwetu, sisi tunaochimba shaba ya nyaya za dunia nzima. Sukre zikawa moto kama chai. Na jua lile la mwezi wa tisa! Wapishi waliokuwa wanasonga bukari nyuma ya nyumba walikuwa wanakunywa munkoyo uliopoa ndani ya bidoni zilizofungwa magunia yaliyoloweshwa, na harufu yake ikatembea. Mgeni mmoja akaenda nyuma, akarudi na kopo. Akaenda wa pili. Baada ya muda kidogo meza ya wakwe yote ilikuwa inaomba munkoyo, na mama wa bwana harusi mwenyewe, na hereni zake za dhahabu, alikunywa makopo matatu. Yaya alikuwa anakimbia na jagi, jasho linamtoka, anacheka. Sijawahi kumwona amefurahi vile tangu aolewe.

Kisha akanijia mbio, akaninong'oneza, "Ule mama ya Fungurume anauliza hii munkoyo inatoka wapi na bei yake. Nimuambie?"

Mwenyekiti alikuwa ameketi ubavuni pangu. Alisikia. Akanikamata kiwiko. "Asitaje bei hapa! Bakwe bakunywe, kisha tubatajie bei? Utatupaka haya!"

Na wakati huohuo msema chochote, yule mwongoza sherehe, akanipa mikro, kipaza sauti, kwani ilikuwa zamu ya mama wa bibi harusi kushukuru.

Nikasimama. Nikashukuru Mungu, nikashukuru padri, nikashukuru wakwe. Yaya alikuwa amesimama pale na jagi mkononi, ananingoja. Watu mia mbili wananiangalia. Nikasikia mdomo wangu unasema, kwa sauti nzuri kabisa, "Na tunashukuru yaya yangu, ametuletea munkoyo hii yote kama zawadi. Ana roho ya mama ya kweli. Mungu amuongezee!"

Vigelegele vikapasuka. Labda kwenu shukrani ni maneno tu. Kwetu, kitu kilichoshukuriwa kwa mikro, mbele ya wakwe, kikapigiwa vigelegele, kimeshakuwa zawadi, kimekwisha. Kukirudia baadaye na kutaja bei ni kumtemea mate bibi harusi kichwani. Na aliyeshukuriwa lazima acheze. Yaya aliliweka jagi chini. Halafu akaweka bidoni tupu kichwani, akacheza mpaka katikati ya uwanja, kiuno taratibu, uso umetulia, kama inavyotakiwa. Mwenyekiti wetu akainuka na kumbandika noti moja kwenye paji la uso. Noti ndogo. Watu wakamsifu mwenyekiti kwa moyo wake.

Utaniuliza kwa nini sikumlipa baadaye kwa siri. Nilijaribu, sikuwa mnyama kiasi hicho. Wiki ya pili nilikusanya nilichoweza, nikaenda kwake na bahasha. Alikuwa anafagia. Hakuniita mwizi, hakuinua hata sauti, na ningefurahi kama angeniita mwizi.

"Umeisha kunishukuru," akasema. "Nikikamata hii feza, mutoto yetu atakuwa alikunywa baraka ya kulipa. Nitaifanya namna gani? Ni mutoto yangu vilevile."

Nikaiacha bahasha kwenye kiti. Kesho yake nikaikuta kwangu chini ya mlango.

Aliendelea na meza kwa muda, na sufuria ndogo, mahindi ya kukopakopa kilo kwa kilo. Mimi nikaanza kulipa. Nililipa hata nyongeza, hata nisichokunywa. Lakini majirani waliokuwa harusini, eh, hao ndio walikuja zaidi! Waliinua vikopo, wakamwambia, "Mama ya roho nzuri, mama ya zawadi, utatubana siye kwa kikopo kimoja?" Kule harusini niliwafundisha wote, kwa kipaza sauti, kwamba munkoyo wa yaya ni wa bure. Siku moja nikapita njia panda nikakuta mtu wa vocha za simu amekaa pale. Mama wa ndizi aliyekuwa jirani yake hakuniangalia usoni.

"Alirudia," akasema. Hakuhitaji kuniambia wapi.

Mwezi huohuo ofisini wakatuletea mafunzo: namna mteja anavyoweza kuinua biashara ndogo za kwetu. Bwana mmoja kutoka Kinshasa na karatasi nzuri za rangi, maji ya chupa na biskuti zilizotoka ng'ambo mezani. Wakaniomba nitafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu nina sauti. Wasifieni, alisema. Pelekeni picha zao kwenye simu. Waambieni marafiki. Nikatafsiri yote, neno kwa neno. Yaya wangu alisifiwa mpaka meza ikaanguka. Wafanyakazi wenzangu wakaandika kwenye madaftari. Hakuna aliyeandika kwamba mtu akiuza kitu umlipe kama unavyomlipa usiyemjua, umlipe kwanza, ndipo umkumbatie. Wala mimi sikuinua mkono kulisema. Nilikunywa maji ya chupa.

Halafu mama mkwe wa binti yangu akanipigia simu kutoka Fungurume. Kantini zake mbili, alisema, wafanyakazi wamechoka na sukre, wanataka kinywaji cha nyumbani. Bidoni kumi kila wiki, analipa mbele. "Ile ya yaya yako sijaisahau," akasema. "Lakini yeye si mutu ya kuuzisha, naogopa kumutukana. Umuulize kama anajua mama fulani anatengeneza sawa yeye, mama ya biashara."

Nikamwambia ukweli, mara moja, kabla sijaogopa. Nikamwambia yaya anauzisha, ile munkoyo ilikuwa komande, ni mimi niliyeharibu. Akasema vizuri tu, "Basi aje yeye. Juma ijayo."

Sikusubiri hata kubadilisha viatu. Nikapanda pikipiki mpaka upande wa Mutoshi, nikashuka kwa miguu kwenye tope, viatu vya ofisini vinazama. Wanawake walikuwa wengi, wameinama wote, migongo tu. Nikapita nikiita mpaka mmoja akainuka, mkono kiunoni, taratibu kama bibi kizee. Alikuwa yaya. Amekonda.

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Bidoni kumi. Kila wiki. Wanalipa mbele. Wanamtaka yeye, wanajua ni kazi yake.

"Umebaambia kama ni kazi?" akauliza.

"Nimebaambia, yaya."

Uso wake ulibadilika kidogo, nilimwona kama alivyokuwa na jagi siku ile. Halafu ukazimika. Akatoka mpaka ukingoni, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, viganja juu. Ngozi ilikuwa imepasuka katikati ya vidole, vidonda vimekuwa vyeupe kwa maji, kucha mbili zimeinuka. Chini ya vidonda kulikuwa na rangi ya yale mawe, na haikuwa ya kuoshwa.

"Mizizi inakamuliwaka na mikono, mudogo yangu," akasema. "Ndani ya uji ya bantu. Unakamua mpaka kiwiko inaingia."

"Utapona. Nitakununulia dawa. Utakaa kwangu, utapumzika, tutawaomba wangoje..."

"Hii inafanya miezi. Tena haiishiake yote." Aliendelea kuinyoosha mikono, hakuirudisha. "Lakini sema hata inapona kidogo. Weye ni ndugu yangu. Nikikamua na hii mikono, utakunywa?"

"Nitakunywa, yaya," nikajibu, upesi sana, macho yangu yakiwa bado kwenye vile vidonda, na mguu wangu mmoja ulikuwa umeshasogea nyuma kwenye tope.

Aliutazama ule mguu. Akachukua ungo wake, akarudi majini.